Tupeni Kitabu Kizima: Barua ya Wazi kwa Wachapishaji wa Kiswahili

Kwa waheshimiwa wakurugenzi na wahariri wa nyumba za uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar.

Waheshimiwa,

Naandika hadharani kwa sababu barua za faragha nimekwisha kuziandika, na majibu niliyopata yalikuwa ya adabu nyingi na maneno machache. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huku pwani. Hamnijui kwa jina, lakini pesa zangu mnazijua: shule zikifunguliwa mimi ni mmoja wa wale wanaobeba vitabu vyenu kwa katoni. Zikifungwa, huyo huyo husimama mbele ya rafu zenu akitafuta kitu cha kujisomea mwenyewe, na mara nyingi hurudi nyumbani na gazeti tu.

Dai langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa vipengele. Mmetuzoesha kuipokea hadithi fupi kama kipande. Moja ya huyu, moja ya yule, zimefungwa pamoja, na nyuma yake maswali ya marudio. Mkusanyiko ambao mwandishi mmoja aliukusudia, akaupanga na kuutetea kama kitabu, umekuwa kitu adimu kwa Kiswahili. Na magwiji wa kale wa fani hii, ambao kazi zao leo hazidaiwi hata senti, sijaona kitabu chao kimoja kizima katika maduka ninayoyajua.

1. Hadithi fupi mmeikabidhi kwa mtihani.

Huku Kenya, kama vitabu teule vya mtihani, tumekuwa na Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, waliyoihariri Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed mwaka 2007. Ikafuata Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, waliyoihariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, kisha Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Sina ugomvi na vitabu hivi. Nimevifundisha kwa furaha, na "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany bado hulinyamazisha darasa langu kuliko kengele. Ugomvi wangu ni kwamba hapo ndipo mlipoishia. Kitabu teule kinapobadilishwa, kile cha zamani hutoweka madukani pamoja na miongozo yake, kana kwamba hadithi zile zilikuwa na tarehe ya kuharibika. Mwanafunzi aliyevutiwa na Said Ahmed Mohamed katika "Tumbo Lisiloshiba" hakuna anayemwambia kwamba mtu huyo ana vitabu vizima vyake mwenyewe vya hadithi, Si Shetani si Wazimu cha 1985 na Arusi ya Buldoza cha 2005. Nikimwambia mimi, ataniuliza akinunue wapi, na hapo nakosa la kumjibu.

2. Mkusanyiko si gunia la hadithi.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye moyo wa barua hii.

Ivan Turgenev alianza mwaka 1847 kuchapisha simulizi za mwindaji katika jarida la Sovremennik huko Urusi. Mwindaji anazunguka vijijini na bunduki yake, analala katika vibanda vya wakulima waliomilikiwa na mabwana wa ardhi, anawasikiliza. Simulizi zikatoka moja moja, na moja moja zikapita mikononi mwa wadhibiti wa serikali. Mwaka 1852 zaidi ya ishirini kati ya hizo zikakusanywa kuwa kitabu mjini Moscow. Serikali ikashtuka, na mdhibiti aliyekiidhinisha kitabu akafutwa kazi. Hadithi zilikuwa zile zile! Msomaji aliyekutana na mkulima mmoja mwenye busara kuliko bwana wake angeweza kusema huyo ni wa pekee. Baada ya kukutana na wa tano na wa kumi katika jalada moja, hoja hiyo ilikuwa imekwisha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1861, Tsar Alexander II alifuta umilikaji wa wakulima, na wako wengi waliokitaja kitabu kile miongoni mwa vilivyoandaa njia.

India nako yalitokea ya namna hiyo. Mwaka 1908 mtumishi wa idara ya elimu, akiandika kwa Kiurdu kwa jina la Nawab Rai, alitoa kijitabu cha hadithi tano tu, Soz-e-Watan. Wakoloni wa Kiingereza walisoma uchochezi ndani yake. Akaitwa na kuhojiwa, nakala zikateketezwa. Naye akabadili jina la uandishi akawa Premchand, na kwa jina hilo ndilo dunia inamjua. Hadithi tano! Wahariri wenu huniambia kwamba kitabu chembamba hakina uzito.

Na James Joyce. Mwaka 1905 alimpelekea mchapishaji wa London, Grant Richards, hadithi zake za watu wa Dublin. Mpiga chapa akakataa baadhi ya maneno kwa kuogopa sheria, maana mpiga chapa naye aliweza kushtakiwa. Ikapita karibu miaka tisa ya barua, vitisho na kukata tamaa. Mwaka 1912 mpiga chapa wa Dublin aliziharibu karatasi zilizokwisha kuchapwa. Dubliners ilitoka Juni 1914, kwa Richards yule yule. Ndani yake mna hadithi 15, na Joyce alieleza mapema kwamba zimepangwa kwa hatua za umri: utoto, ujana, utu uzima, kisha maisha ya hadharani. Kitabu kinaanza kwa mtoto na kifo cha kasisi, kinaishia kwenye karamu ya familia ambayo mwisho wake marehemu ndiye mwenye nguvu kuliko walio hai. Ukichomoa moja ukaiweka katika diwani ya shule, utapata hadithi nzuri ya kijana na soko la usiku. Mji wenyewe, ambao ndio aliokuwa akiuandika, hutaupata.

Anton Chekhov ameonewa zaidi. Mwaka 1898 aliandika hadithi tatu zinazoshikana. Marafiki wawili wanawinda, wananyeshewa, wanafika kwa rafiki wa tatu, na kila mmoja kwa zamu anasimulia kisa. Wakusanyaji wa kila lugha hupenda kuichukua ile ya kati peke yake, ya mtu aliyeishi kwa ubahili ili siku moja awe na shamba na ale matunda ya mti wake mwenyewe. Ikisomwa peke yake inaonekana ni hotuba dhidi ya uchoyo. Ikisomwa kati ya wenzake unamwona msimulizi akiwachosha wasikilizaji, na unaanza kumshuku hata yeye na hotuba yake. Chekhov alitaka umshuku.

Najua mtamleta Edgar Allan Poe kuwa shahidi dhidi yangu, kwa kuwa mwaka 1842, akihakiki kitabu cha Nathaniel Hawthorne, alisema nguvu ya hadithi fupi imo katika athari moja inayopatikana kwa kikao kimoja. Ni kweli. Lakini Poe huyo huyo alikusanya hadithi zake 25 katika juzuu mbili zilizobeba mwaka 1840, akaziandikia dibaji ya kutetea kinachoziunganisha, na akakubali kulipwa kwa nakala chache za kitabu badala ya pesa. Mtu anayeamini vipande tu hafanyi biashara ya namna hiyo.

3. Mnakata dibaji.

Kwa ufupi tu. Mkusanyiko wa Lu Xun, Nahan, wa mwaka 1923, unaanza kwa maneno yake mwenyewe: ugonjwa wa baba, safari za kwenda kuweka vitu rehani ili dawa ipatikane, masomo ya udaktari Japani, na ile picha aliyoonyeshwa darasani ya Mchina mwenzake anayengoja kuuawa huku Wachina wengine wakitazama tu. Akaacha udaktari. Msomaji aliyepitia hapo huifikia hadithi yake ya shajara ya mwendawazimu akiwa anajua kwa nini mtu huyu anapiga kelele. Aliyerushwa moja kwa moja kwenye hadithi huiona kuwa kichekesho cha kutisha. Kurasa hizo ni chache sana, na ndizo za kwanza kutupwa.

4. Wa kwetu mmewazika pamoja na wageni.

Nisidhaniwe nalilia Wazungu na Wachina. Mohamed Suleiman Mohamed, aliyetupa Kiu na Nyota ya Rehema, alitoa pia Kicheko cha Ushindi mwaka 1978. Mwaka huo huo Gabriel Ruhumbika alitoa Uwike Usiwike Kutakucha. Hivi ni vitabu vya kale vya kwetu kwa maana ile ile tunayompa Chekhov: vimepangwa, vina sauti moja, na vimeshinda wakati. Ninachotumia mimi ni fotokopi ya fotokopi, na herufi za ukingoni zimekatika. Hata zile ngano za Unguja ambazo Edward Steere aliziandika kutoka vinywani mwa wasimulizi na kuzichapisha London mwaka 1870, nimezisoma katika kitabu chenye Kiingereza ukurasa wa pili. Zaidi ya karne moja na nusu imepita, jamani.

5. "Hakuna soko."

Hili ndilo jibu lenu la kila siku, na nimeamua kulichukua kwa uzito kuliko mnavyolichukua nyinyi.

Najua gharama. Najua Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya vitabu mwaka 2013, na najua fotokopi kama yangu inawaumiza. Lakini tazameni upande wa pili wa daftari. Sheria za Kenya na Tanzania hulinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Poe alifariki 1849, Turgenev 1883, Maupassant wa Ufaransa 1893, Chekhov 1904, Lu Xun na Premchand 1936, Joyce 1941. Hakuna wa kulipwa. Hata tafsiri ya Kiingereza ya Constance Garnett, aliyemtoa Chekhov katika juzuu 13 kati ya 1916 na 1922, imekwisha kutoka kifungoni, kwa kuwa bibi huyo alifariki 1946. Ni tafsiri mpya za Kiingereza ndizo zenye wenyewe.

Na kwa nini mpitie Kiingereza? Tangu 1960, Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow kimewapokea vijana wa Kiafrika, wakiwamo wa kwetu. Nairobi na Dar wamo wahandisi na madaktari waliomsoma Chekhov kwa Kirusi wakiwa na umri wa miaka 20. Bujumbura na Lubumbashi wamo Waswahili waliosomeshwa kwa Kifaransa, ambao Maupassant kwao ni mwandishi wa shule. Mombasa wamo wazee wanaosoma Kiurdu. Sisi wengine Maupassant tulimjua kwa hadithi moja ya mkufu wa kuazima, tena kwa Kiingereza, tukadhani amekwisha. Aliandika karibu hadithi mia tatu, na ile ya mkufu aliiweka katika mkusanyiko wa 1885 wenye nyingine nyingi za kutosha kuuza kitabu.

Wasomaji mnao. Aliyemsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na rafiki yake Najum, tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, amekwisha kuonja ukoo wa Sherlock Holmes. Babu wa ukoo huo ni mpelelezi Dupin ambaye Poe alimtoa 1841. Mjukuu anaongea Kiswahili fasaha. Babu hajapata mkalimani. Waliopigania nakala za riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa vibandani hawakuulizwa kama kuna soko. Leo vijana wa Tanzania wanauziana hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp, na watu wanalipa. Nyinyi mnasema hawasomi.

Fikirieni alikotoka Chekhov mwenyewe. Alianza katika magazeti ya vichekesho, akilipwa kwa mstari, akiwa mwanafunzi wa udaktari mwenye familia ya kulisha. Mkusanyiko wake wa 1887 ulimpatia nusu ya Tuzo ya Pushkin mwaka uliofuata. Mwaka 1899 mchapishaji Adolf Marx alinunua haki za kazi zake kwa rubli 75,000, na baadaye akazigawa kama nyongeza kwa waliojiandikisha kununua jarida lake, Niva. Marx hakuwa mfadhili wa fasihi. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua anachofanya. Magazeti ya Kiswahili tunayo. Kinachokosekana ni simu yenu kwa mhariri wa gazeti.

Mmoja wenu amekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Mkuki na Nyota walitoa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini Gurnah alikuwa ameshapewa Nobeli mwaka 2021. Turgenev hatapewa tena, kwa hiyo tukisubiri tuzo tutasubiri milele.

6. Gharama ya kunyamaza inalipwa na waandishi chipukizi.

Wanafunzi wangu wanaoandika vizuri huniletea hadithi zenye umbo la jibu la mtihani: mhusika mmoja, kosa moja, adhabu, funzo. Hawakuzaliwa hivyo. Ndicho walichopewa. Mmoja ambaye sasa ni mtu mzima ana hadithi zake kumi na kitu, zote za mtaa mmoja, watu wale wale wakipishana mlangoni kutoka hadithi hadi hadithi. Aliipeleka kazi hiyo kwa mchapishaji, akaambiwa alete riwaya, au atoe moja iliyo bora iingizwe katika diwani. Hakujua la kusema kuwatetea majirani wale wasitenganishwe, kwa sababu hakuwa amewahi kushika mkononi, kwa lugha yake, kitabu kinachofanya alichokuwa akikifanya. Angekuwa na Dubliners ya Kiswahili angeiweka mezani, basi.

Kila Julai 7 tunakusanyika kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Hotuba zinapigwa, kanga zinavaliwa, tunaambiwa lugha yetu inaweza kubeba kila kitu. Mimi nawauliza wenye mitambo ya kuchapa: imebebeshwa nini?

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, nyumba tano kati yenu zichukue kitabu kimoja kimoja, kizima, na dibaji yake: simulizi za mwindaji za Turgenev, watu wa Dublin wa Joyce, Nahan ya Lu Xun, mkusanyiko mmoja wa Maupassant, na kile kijitabu cha hadithi tano cha Premchand. Gawaneni wenyewe, msigombanie Maupassant. Chekhov namwachia atakayekuwa na ujasiri wa kumtoa kwa juzuu, lakini zile hadithi tatu za 1898 zisitenganishwe.

Pili, msiweke maswali mwishoni. Wala msamiati pembezoni mwa kila ukurasa. Anayetaka kutahini atatunga maswali yake.

Tatu, jina la mtafsiri liwe kwenye jalada la mbele, na mkataba wake uwe wa mrabaha, si bahasha ya mara moja. Wafaransa walimpata Poe wao kwa sababu mshairi Charles Baudelaire alimpa miaka ya maisha yake, na kitabu cha kwanza cha tafsiri hizo kilitoka 1856. Hakuna atakayempa Chekhov miaka yake kwa malipo ya kuchapa herufi.

Nne, Kicheko cha Ushindi na Uwike Usiwike Kutakucha virudi madukani, kwa ridhaa na malipo ya wenye haki. Hapa najua kuna wa kulipwa, na walipwe.

Tano, viwe vya ukubwa wa mfukoni na karatasi nyepesi. Hadithi moja inakwisha kati ya Likoni na mjini foleni ya feri ikiwa mbaya, na foleni ya feri, mnajua wenyewe.

Mkisema hamna wa kuzipitia rasimu, mimi na wenzangu walimu tuko tayari kuzisoma bure wakati wa likizo, na hatuhitaji majina yetu popote. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi hufanyika Septemba, pale Sarit Centre. Nitapita kwenye kila meza yenu na pesa taslimu, na nitauliza kimoja baada ya kimoja, kwa sauti ambayo wateja wengine wataisikia.

Wenu katika vitabu,

Mwalimu wa Kiswahili, Mombasa